Ukali wa rais si uwezo wa serikali

Kuna mwandishi anayesema nchi za Asia ziliendelea kwa sababu zilipata viongozi wakali wasiotaka mchezo. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Rais Marcos alitangaza sheria ya kijeshi Ufilipino mwaka 1972, na hakuiachia nchi utumishi wa umma wa kujivunia. Suharto wa Indonesia, jenerali aliyekuwa ametawala karibu miaka 20, alishindwa kuisafisha forodha yake mwenyewe, hadi mwaka 1985 kazi ya kukagua mizigo inayoingia nchini ikapewa kampuni ya Uswisi. Rais anaogopwa mpaka vijijini, lakini karani wa bandarini hamwezi! Singapore nayo watu humtaja Lee Kuan Yew tu, waziri mkuu wake wa kwanza, wakawasahau waliokuwa chini yake. Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa mabanda wa Bukit Ho Swee, watu wapatao 16,000 wakabaki bila makazi. Bodi ya nyumba ya serikali ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, mwenyekiti wake Lim Kim San akifanya kazi bila mshahara, na kabla ya mwaka kupita tangu moto huo fleti za kwanza zilikuwa zimesimama palepale penye majivu. Kufikia 1965 bodi ilikuwa imejenga fleti zaidi ya 50,000. Kazi kama hiyo inataka wapimaji, mafundi, orodha sahihi ya nani aliunguliwa wapi, na mhasibu asiyekula. Wenzangu mliowahi kuishi Singapore, watumishi wa aina hiyo hupatikana kwa nini hasa: mitihani, mishahara, au kujua kwamba utachunguzwa?