Mkono wa pasta, alafu nani analipa?

Huku kwetu Goma, mashariki ya Kongo, ukikataa kumupa mutu mukono wanasema una roho mbaya, na kwenye kilio ndiyo zaidi, mtu anaweza kuja hata maneno hana, anakushika mabega tu, munalia pamoja, anaenda zake, na wewe unabaki umepata nguvu kidogo. Ndiyo maana mwaka wa 2019 ulituumiza mara mbili. Julai ile, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa hapa mujini alikuwa pasta, mwenye alitoka Butembo kwenye alikuwa amehubiri makanisa kadhaa na kuwekea watu mikono, wagonjwa wakiwemo. Mikono ileile ya faraja! Kuanzia hapo ikawa javeli (maji ya dawa ya kuua vijidudu) kila mulango, kipimo cha joto kwenye paji la uso, salamu ya kiwiko.

Siku zile nilienda kilio kimoja Majengo. Mtoto alikufa na malaria, haikuwa Ebola kabisa, lakini ba mama walikaa mbali na mama yake kama vile yeye ndiye ugonjwa. Tantini mmoja akanawa mikono, akafungua kitenge chake cha juu, akamurushia yule mama pembe moja, yeye akashika pembe ingine, wakakaa hivyo wanavutana polepole mpaka jioni.

Sasa wenye wanasema lazima tugusane wanaleta Marko 1, Yesu alimugusa mwenye ukoma. Ni kweli, na hakulazimika, juu mtumishi wa akida kwenye Mathayo 8 aliponywa kwa neno tu, Yesu hakufika hata kwenye nyumba. Kwa hiyo mkono si sharti la uponyaji, wenye kutuambia "bila kuguswa haupokei" wasome na hiyo. Lakini mwenye ukoma, kufuatana na Walawi 13, alipaswa kukaa nje ya kambi peke yake na kupaza sauti kwamba ni najisi. Neno lingetosha kumuponya ngozi, ile upweke je? Alafu mistari ya mwisho tunairukaga: baada ya pale yule mtu anatembea kwa uhuru, Yesu ndiye anabaki nje mahali pasipo watu. Mwenye kugusa ndiye alilipa.

Apo ndipo mimi natofautiana na watu wa mikono mingi. Mkono wenye unatoka kwa mgonjwa huyu unaenda kwa yule, bei inalipwa na wengine. Paulo alimwandikia Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka (najua, pale anaongelea kusimika viongozi, lakini haraka ni haraka). Kumbe Beni na Butembo walipata njia: watu wenye walipona Ebola ndio walibeba watoto wachanga wenye mama zao walikuwa kwenye kituo cha matibabu, juu mwili wao ulikuwa umepata kinga. Wao walikuwa wamelipa tayari. Sijaona mahubiri yenye yanazidi ile.

Na kuna jambo ingine kanisa halipendi kusikia. Kwenye Kivu hii yetu kuna wamama wengi wenye walifanyiwa ubaya kwa nguvu, unafikiri mkono wa mwanaume wenye unashuka kwenye kichwa bila kuuliza, macho yamefungwa, watu wanapiga kelele, ni faraja kwao? Wengine wanaganda. Tunasema wamejazwa Roho. Yesu mwenyewe alimuuliza yule kipofu wa Yeriko, unataka nikufanyie nini, na ilionekana wazi anataka nini.

Pasta wetu siku hizi anauliza, "Mama, naweza kukushika?" Kuna Yenga (Jumapili) moja mama mmoja alisema hapana. Tukadhani ataruka kwa mwingine. Akavuta kiti, akakaa pembeni yake, Biblia imefungwa kwenye magoti, mpaka koro (kwaya) ikamaliza na vijana wakaanza kupanga viti.