Tia Alama Kwanza, Ndipo Ung'oe

Nina ugomvi na mafundi wa mji huu wa Mombasa, na ugomvi wenyewe ni wa nukta mbili za rangi nyeupe. Nasema ile rangi ya kufutia makosa ya wino, inayouzwa madukani kwa wanafunzi. Ukizitia nukta hizo kwenye injini kabla ya kung'oa distribyuta, kile kifaa kinachozigawia plagi moto wake, kuirudisha ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa. Usipozitia, waweza kushinda uwanjani mpaka adhana ya magharibi na gari bado halijawaka. Mimi nilishinda siku tatu.

Gari ni Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini ya 4K, aliyoniachia marehemu baba. Tatizo lilikuwa dogo. Oili ilivuja chini ya distribyuta, ikatambaa ubavuni mwa injini na kudondoka kwenye saruji pale nyumbani Tudor. Kinachoizuia hapo ni mpira wa duara uliovishwa shingoni mwa distribyuta, kitu ambacho bei yake haifiki sahani ya mbaazi na mahamri. Ukishakauka ukawa mgumu kama plastiki, basi. Na kuubadilisha, lazima distribyuta itoke.

Nikalipeleka gereji moja ya uwanjani, chini ya mwarobaini. Fundi kijana, mchangamfu, mikono myepesi. Akafungua kofia ya distribyuta, akalegeza boliti ya kubana, akaanza kuinyonga distribyuta huku na huku. Ilikuwa imeshikana, maana kwa hewa yetu hii ya chumvi alumini hutoa unga mweupe ikang'ang'ania chuma kama kupe. Mwisho ikatoka. Nikamuuliza, "Hukutia alama?" Akacheka. "Ah, ami, hizi nimezifungua mara mia." Akaenda kutafuta mpira. Nyuma yake msaidizi wake akataka kujua kama betri bado ina nguvu, akapiga stata. Injini ikazunguka, krr krr krr, na distribyuta imelala juu ya gazeti, mahali pake pakapotea.

Kwa asiyejua, distribyuta ndiyo karani wa moto. Koili inatoa umeme wa maelfu ya volti, nayo inaugawa kwa plagi nne kwa zamu: 1, 2, 4, 3. Inaendeshwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali, kwa hivyo krenki, mhimili mkuu unaosukumwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, inazunguka mara moja tu. Mtego uko hapo. Katika kila duru ya rota, pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili. Mara moja imebana hewa na petroli tayari kwa kuchomwa, mara nyingine inasukuma moshi nje. Alama ya kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya krenki, ni ile ile safari zote mbili. Ukiiamini puli peke yake, umecheza kamari.

Fundi wangu aliiamini puli. Injini ikapiga mzinga kupitia kabureta, na paka wote waliolala chini ya magari wakatawanyika. Kuanzia hapo ikawa ramli: hamisha waya huu, rudisha ule, zungusha kidogo, piga stata, pumzisha betri. Siku ya pili akasema ni koili, nikanunua koili. Siku ya tatu kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue, nikanunua kondensa. Jioni yake akaniambia kwa upole kabisa, "Ami, gari hizi wakati wake umepita. Iuze kwa wa vyuma chakavu."

Hilo ndilo lililonichoma. Kukosea si neno, kila mtu hukosea. Lakini gari liliingia gerejini kwa magurudumu yake, likiwa na kosa moja la kuvuja oili, leo linahukumiwa kwa uzee.

Aliyelitoa uwanjani ni mzee mmoja wa Kisauni, fundi aliyekwisha kustaafu, rafiki wa baba. Hakuniuliza kumepita nini. Alitoa plagi ya silinda ya kwanza, akaniambia, "Mwanangu, tia kidole gumba hapo tunduni. Kikisukumwa, sema." Yeye akatia spana kwenye boliti ya puli, akawa anazungusha polepole. Alama ya puli ikapita mahali pake, kidole changu hakikusikia kitu. Akaendelea. Duru iliyofuata hewa ikaanza kusukuma, ikasukuma zaidi, mpaka kidole kikainuka chenyewe na sauti ya pfff. "Hapo, mzee!" Akasimamisha spana, akailinganisha alama sawasawa.

Kisha akamulika tochi ndani ya tundu la distribyuta, akanivuta nitazame. Chini kabisa kuna kichwa cha pampu ya oili, kina mkato kama wa skrubu. Mkia wa distribyuta lazima uingie kwenye mkato ule, la sivyo distribyuta inabaki imesimama juu, haikai. Yule kijana alipoona haikai alikuwa akiikaza kwa boliti ili ishuke kwa nguvu. Mzee alitikisa kichwa tu, akachukua bisibisi ndefu, akauzungusha mkato mpaka ukamridhisha.

Nilidhani sasa ataielekeza rota kwenye ncha ya waya wa kwanza na kuidumbukiza. Hakufanya hivyo. Aliirudisha nyuma kidogo. "Meno yake yamekatwa mshazari," akasema. "Ikishuka itajizungusha yenyewe." Akaiachilia, na kweli rota ikageuka pole pole ikishuka, ikasimama. Ilikuwa imekosea jino moja. Akaitoa, akaanza tena bila ya kuudhika. Mara ya pili ikatua pale pale.

Akapima mwanya wa pointi, yale macho mawili ya chuma yanayokata na kuunga umeme wa koili, milimita 0.45. Akaunga taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye pointi na mwingine kwenye bodi, akafungua swichi, akawa anaigeuza distribyuta kidogo kidogo mpaka taa ikawaka, maana ndipo pointi zinapoanza kuachana na moto kutoka. Akabana boliti. Stata haikumaliza hata nusu ya pumzi, gari likawaka.

Hapo ndipo alipoagiza rangi nyeupe, nikaitoa kwenye mkoba wa shule wa binti yangu. Nukta moja aliitia kwenye kiungo cha distribyuta na injini, ikishika pande zote mbili. Nyingine ukingoni, pale rota inapotazama silinda ya kwanza ikiwa tayari kuchomwa.

Nimeufikiria sana ule unyenyekevu wa kurudia jino moja, na nadhani sisi wateja tuna sehemu yetu katika maradhi haya. Tunasifu mikono myepesi. Fundi anayetumia robo saa kupangusa, kutazama na kutia nukta tunamwona hajui kazi, na mwisho wa siku tunalipa kwa kuhesabu vipuri, si kwa kuhesabu utulivu. Hata mimi siku ile ya kwanza nilikuwa nikitazama saa. Kijana naye si mjinga. Gari anazozishika kila siku hazina distribyuta, zina koili juu ya kila plagi, na zikiugua anachomeka mashine inayomsomea kosa. Kwa KE70 hana pa kuichomeka.

Neno jingine, nalo nalisema nikijua nitabishiwa: mara nyingi distribyuta haikuwa na haja ya kutoka kabisa. Pointi, kondensa, rota na kofia hubadilishwa ikiwa pale pale ilipo. Gari likikataa kuwaka asubuhi ya mvua za Mei, kwanza vua kofia uipanguse ndani kwa kitambaa kikavu. Tafuta kijistari cheusi chembamba kama cha penseli, kwani hiyo ndiyo njia ya moto unaotoroka. Ing'oe ikiwa inavuja kama yangu, au ukiitikisa shafti ukasikia inacheza.

Jamaa zangu wa barazani wananiambia nitoe pointi nitie ya elektroniki, nipumzike. Huenda wana haki. Lakini pointi nikizimikiwa foleni ya feri kule Likoni nazisugua kwa kipande cha msasa nikavuka. Ile nyingine ikifa, imekufa.

Mpira hauvuji tangu siku ile. Kofia imeanza tena kutoa kutu ya kijani kwenye ncha mbili, nitaikwangua Jumapili. Rangi nyeupe inakaa kwenye kijidroo cha gari, na binti yangu amenunuliwa nyingine.