Nani Kaiona Saba ya Kopa?

Kabla watu wa mtaa wetu hawajawasimulia upande wao, nisikilizeni mimi kwanza. Sukari niliipika vizuri. Harufu yake ilivuka ua mpaka jirani akapiga hodi kuuliza leo kuna sherehe gani. Yaliyofuata baada ya hapo ni kazi ya mvua, ya mkaa, ya shemeji wangu, na ya mdudu mmoja aliyeingia bila kualikwa.

Sisi wapangaji wa hapa Makindye, Kampala, Jumamosi usiku hatuna pa kwenda, tunacheza matatu. Nasema matatu ya karata, watu wa Nairobi msianze kutafuta kituo. Kila nyumba ina zamu yake, na mwenyeji ndiye anayetoa cha kutafuna. Kwa Mama Furaha, mtu wa Bukavu, utapata maandazi ya moto. Kwa Afande, askari mstaafu, utapata karanga za kukaanga pamoja na amri ya kutodondosha maganda. Kwangu ni chai na mihogo ya kuchemsha, na hakuna aliyewahi kulalamika mpaka shemeji alipoteremka basi la Kasese.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, Mama Zena. Alikuja na vitu viwili: simu iliyojaa video za mapishi, na mfuko wa chumvi kutoka kwa mama mkwe. Chumvi ya Katwe hiyo, na simaanishi Katwe ya hapa jirani wanakochomelea milango na kutengeneza sigiri. Ni Katwe ya kule kwao, kwenye ziwa la chumvi, ambako watu wanaingia majini na kuivuna kwa mikono. Haijasagwa wala kusafishwa kama ya paketi. Punje zake huwezi kuzinyunyiza, unazipanga.

Akanionyesha video. Wamarekani wakikutana usiku kucheza, wanachukua zile nafaka kavu zao za kifungua kinywa, karanga, na vibiskuti vya chumvi vilivyosokotwa fundo, wanavimwagia sukari iliyoyeyushwa na siagi, wanaingiza kwenye oveni. Tamu na chumvi mdomoni kwa wakati mmoja, mkono mmoja kwenye bakuli, mwingine kwenye mchezo. "Shemeji," akaniambia, "ukiwawekea hii Jumamosi, hawa watu hawatakusahau."

Kwa hilo hakusema uongo.

Vya Wamarekani hatukuwa navyo, ila soko la Kibuye lipo. Tukanunua mahindi ya bisi, karanga, ufuta, chipsi za gonja, zile ndizi kubwa tamu, na vile vijiti vya unga vya kukaanga ambavyo watoto wanaviita daddies. Oveni hatuna. Tuna sigiri.

Sasa, yule mama wa kwenye video alisema moto uwe wa wastani. Mkaa hauna kitufe, mama. Ukitaka kupunguza moto wa sigiri unafunga kile kidirisha cha majivu, unatoa kaa mojamoja kwa koleo, halafu unasubiri yaliyobaki yafanye uamuzi. Sukari nayo haijui kusubiri. Mwanzoni ilikaa sufuriani nyeupe, imenuna. Kisha pembeni ikaanza kulowa, ikapata rangi ya chai kavu, na ghafla sufuria nzima ikageuka. Kutoka hapo mpaka kuungua ni chafya moja. Nikatupia siagi, ikafoka. Shemeji akatia kijiko cha magadi ya unga, maana hayo huijaza sukari mapovu ili ikipoa ivunjike kwa urahisi, isiwe kama kioo. Povu likapanda mpaka ukingoni. Nikaimwaga yote juu ya bisi na wenzake kwenye sinia kubwa la harusi, shemeji akafuata na chumvi yake ya Katwe, na nakwambia, kwa dakika hiyo lile sinia lilikuwa zuri kuliko hata siku ya harusi yenyewe.

Kazi iliyobaki ni ya haraka: ingali moto, unaichambua kwa uma mbili, unaitandaza, kila bisi ikae peke yake. Ikipoa kabla hujafanya hivyo, basi.

Mwezi ni Novemba. Wingu likatanda, na Mama Zena akaita kutoka uani, "Baba Zena! Nguo!"

Kuna miito ambayo mwanamume mwenye ndoa haulizi mara mbili. Tukatoka mimi na shemeji, tukaanua sare za shule, mashuka, nepi, na soksi ambazo hadi leo sijui ni za nani. Tuliporudi nikashika mwiko nichambue. Mwiko ukainuka. Sinia nalo likainuka. Bisi, gonja, karanga, vyote vimeshikamana vikaning'inia mkononi mwangu, na hakuna hata punje iliyodondoka. Shemeji akapiga picha.

Tukavunja kwa mchi wa kinu. Vipande vya kwanza wakapewa watoto waliokuwa wanachungulia mlangoni, na nyumba ikawa kimya mpaka magharibi. Mama Zena akasema hata kama wageni wataikataa, yeye ameshapata faida yake.

Wageni wakaja. Mama Furaha, Afande, na nyuma yao Hajji mwenye nyumba, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Hajji karata hachezi. Huja kutazama, na hamu yake ya kutazama huwa inampanda kodi inapokaribia. Akakaa kwenye benchi karibu na meza, akaliangalia sinia, akanyamaza.

Niwaambie, Hajji ni wa ukoo wa Nsenene, wale panzi wa kukaanga. Kwa Baganda, mtu hali mnyama wa ukoo wake, na Novemba ndio msimu wa nsenene wenyewe. Ua mzima wiki hiyo ulikuwa unanuka kikaango. Na kila kilichokuwa kwenye sinia langu kilikuwa kidogo, cha kahawia, kinang'aa, kimejikunja.

"Baba Zena, humu mna nini?"

"Bisi, Hajji."

"Na hiki?"

"Gonja hiyo."

"Na hiki chenye miguu?"

"Hiyo ni karanga, Hajji, imeshikana na kijiti cha daddies."

Akakirudisha polepole, akafuta vidole kwenye leso. Mama Furaha yeye hakuuliza kitu. Akabeba kipande kikubwa, akatafuna, akatabasamu, kisha jicho moja likafumba. Amekutana na punje ya chumvi. "Eh, Mungu wangu, Baba Zena, humu kuna ziwa!" Akaomba maji, akabeba kipande kingine.

Mchezo ukaanza. Kwa asiyejua: kila mtu anapewa karata saba, unafuata alama au namba ya iliyo chini. Ree inakuruhusu kuomba alama unayotaka, mbili inamvutisha jirani yako karata mbili. Chini ya rundo inakaa karata moja ya kuonyesha alama ya usiku huo, na saba ya alama hiyo ndiyo inayokata: ikiangushwa tu, mchezo umekwisha hapohapo, watu wanahesabu walizobaki nazo. Usiku huo ilikuwa kopa. Mwenye mzigo mzito zaidi anawanunulia wote katogo asubuhi, yale matoke yaliyopikwa sufuria moja na matumbo.

Lakini sukari iliyopikwa inavuta unyevu, na hewa ya Kampala baada ya mvua ni maji matupu. Tulipokuwa tunagawa kwa mara ya pili, ile tamu-chumvi yangu ilikuwa imekwisha kuwa ulimbo. Vidole vikanasa. Kutoka vidoleni ikahamia kwenye karata. Shemeji, ili kusaidia, akawa analamba kidole kabla ya kila karata.

Mama Furaha akapigwa mbili. Akavuta mbili, akazifungua, zikawa nne.

"Mimi nilivuta mbili!"

"Umevuta mbili," Afande akamwambia. "Hizo nyingine zimejitolea."

Zamu yake ilipofika, Afande akaangusha moja, zikashuka mbili. Mama Furaha akasimama. Afande akasema hapana, hizo zimetembea kwa mstari, hiyo inaitwa nidhamu. Tukabishana mpaka tukatunga sheria: karata zilizonasana bila wewe kujua ni moja, ukijua ni mbili. Usiku kucha hakuna aliyejua kitu.

Tena mchezo ukakataa kwisha. Rundo likaisha, tukalichanganya, kama kuchanganya ni neno lake, maana karata zilikuwa zinatoka mabamba mabamba. Likaisha tena. Saba ya kopa haionekani. Mimi mkononi nimeshika ree ya shupaza, mzigo wa kumlaza mtu chini, nasubiri nafasi ya kuutua, huku nikiona wazi kwamba mmoja wao ameificha saba. Kila mtu aliona hivyohivyo. Mama Furaha akamtaka Afande akunje mikono ya shati.

"Mama, mimi nimelinda ghala la silaha. Niibe saba?"

Hapo umeme ukakatika.

Hajji akawasha tochi ya simu. Ungedhani atatumulikia karata. Aa, akamulika sinia, akainama, akaanza kukagua kipande kwa kipande, akigeuza upande huu na ule kwa ncha ya kalamu yake ya risiti. Sasa alikuwa na njaa, alikuwa ameona wenzake wakila jioni nzima, ila alitaka ushahidi. Mwiko wangu ulikuwa umeshanasa. Wake alikuwa ameamua haunasi.

Ila fikiria. Mtaa mzima giza. Mwanga ni mmoja tu, uko nyumbani kwangu, dirisha liko wazi, na ni Novemba.

Tulisikia *tap*.

Juu ya sinia, katikati ya duara la tochi, palikuwa na nsenene. Mzima, wa kijani, mapembe marefu yanacheza. Akajaribu kuruka. Hakuruka.

"Baba Zena," Hajji akasema.

"Hajji, huyo sikumpika mimi."

Shemeji akanyoosha mkono amng'oe, Hajji akamzuia kwa sauti ambayo hata ya kodi hajawahi kuitumia. "Usimvute! Utamkata miguu!" Ikawa operesheni. Mama Zena akaleta maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, akawa anadondosha tone moja chini ya kila mguu ili sukari iyeyuke. Miguu ni sita. Afande akachukua uongozi: "Wa nyuma, kushoto. Taratibu. Umetoka. Unaofuata!" Mama Furaha, ambaye maisha yake yote amewajua nsenene kwa upande wa kikaango, alikuwa anatazama na kumeza mate, na alipoona namtazama akageuzia macho dirishani.

Mguu wa mwisho ulikuwa mgumu. Hajji akasimama amulike kwa karibu, akatupa mgongo, akainama.

Na pale, kwenye kanzu, mahali mtu anapokalia, imebandika barabara, uso nje: saba ya kopa.

Hakuna aliyepumua. Afande ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa ya gwaride: "Hajji! Usikae!"

Hajji akadhani kuna nsenene mwingine nyuma yake. Akaganda, mikono amekunjua pande zote mbili, tochi inamulika dari. "Mtoeni," akanong'ona. "Mtoeni polepole."

Nsenene wa kwanza akatumia nafasi hiyo kujinasua mwenyewe, akaruka, akatua kwenye fremu ya dirisha, akatokomea. Mama Zena akamwendea Hajji, akasema samahani Hajji, akaivuta ile karata. Ilitoka kwa mlio.

Mimi nikadai mapema kabisa kwamba haihesabiki. Hajji si mchezaji, na karata iliyoketiwa haijaangushwa. Afande akatafakari, akaomba apewe tochi, akaikagua saba mbele na nyuma. "Iko wazi?" Iko wazi. "Watu wote wameiona?" Wameiona. "Basi imekata. Hesabuni."

Nikaweka chini ree ya shupaza. Shemeji, damu ya mke wangu, akaikwangua kwa ukucha pembeni, na nyuma yake akatokea mfalme ambaye naapa tulikuwa hatujawahi kuonana.

Hajji akavaa viatu, akasema habari ya kanzu na dobi tutaizungumza pamoja na ile habari nyingine, na wote tulijua habari nyingine ni ipi. Akafika mlangoni, akarudi. "Nifungie kidogo ya Hajjati. Lakini kesho, kukiwa na jua."

Asubuhi nikalipia katogo ya watu wote. Hajji alikula sahani mbili. Ya kwanza, akasema, ni yake kama mgeni. Ya pili ni ya mchezaji aliyekata.