Mkanda Ulinidondoka Mbele ya Chewa

Shemeji yangu anaishi Muscat, na tangu aanze kuzamia kwenye visiwa vya Daymaniyat hakuna bahari nyingine anayoihesabu. Ya Tanga kwake ni ya kuogeshea watoto. Ya Pemba, alikozaliwa yeye na dada yake ambaye ni mke wangu, ni ya kupitia tu ukienda harusini Unguja. Basi alipokuja kututembelea Cartagena, kule kusini-mashariki mwa Hispania ninakopika kwenye mkahawa, hata begi hajaliweka chini akauliza: "Shemeji, hili bwawa lenu la Mediterania limebaki na samaki, au Warumi waliwamaliza?"

Swali lenyewe halikuwa la kijinga, maana Warumi walikuwa wakichachusha samaki pwani hii na kusafirisha mchuzi wake hadi Roma. Lakini shemeji hajibiwi kwa historia. Nikamwambia alale mapema, kesho tunakwenda Cabo de Palos.

Cabo de Palos ni rasi yenye mnara wa taa uliowashwa mwaka 1865. Mbele yake, kuelekea visiwa vidogo vya Hormigas, kuna safu ya miamba iliyozama. Mmoja unaitwa Bajo de Dentro: kilele chake kiko mita chache tu chini ya maji, kuta zake zinashuka hadi kupita mita 50. Tangu 1995 eneo hilo ni hifadhi. Wavuvi wachache wa kienyeji huruhusiwa kutega kwa utaratibu, bunduki za kupigia samaki ni marufuku, wazamiaji huingia kwa kibali. Matokeo yake ni kwamba chewa wa kule hawana habari tena na binadamu. Kwetu chewa mkubwa huwa keshaingia pangoni kabla hujamaliza kumtambua. Kule anakuja mwenyewe kukukagua, na hili la kukaguliwa ndilo lililoniponza.

Kwenye duka la kukodi vifaa shemeji aliwaambia, kwa Kiingereza chake cha Muscat, kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi na nimekulia chini ya maji. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Leseni yangu ya kuzamia hadi mita 40 nimeisomea hapa hapa Hispania, ukubwani, kwa woga mwingi.

Usidanganywe na picha za watalii. Mwezi wa Julai maji ya juu yanafika nyuzi 25 au 26, lakini shuka mita 20 na ushei unakuta nyuzi 15. Ndiyo maana watu huvaa suti ya mpira ya milimita 7: salopeti kwanza, ile suruali inayopanda hadi kifuani, kisha koti lenye kofia juu yake. Kuivaa jua la saa nne asubuhi likiwaka ni kazi ya watu watatu. Shemeji alivuta kutoka mbele, kiongozi wetu akasukuma kutoka nyuma, mimi nikashika nguzo na kusoma dua. Kitambi kiligawanyika: nusu ikakubali kuingia kwenye salopeti, nusu ikabaki kifuani ikisubiri uamuzi.

Kisha ikaja habari ya risasi, yaani yale madini mazito ya kukuzamisha. Mpira wa suti umejaa viputo vidogo vya gesi, kwa hiyo unaelea. Na Mediterania ina chumvi kuliko Bahari ya Hindi, gramu 38 hivi kwa lita badala ya 35, nayo inakubeba juu zaidi. Kiongozi, mwanamama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alinipa mkanda wa kilo 10, akanitazama tumboni, akaongeza kilo mbili. Nikaufunga. Niliukaza mpaka pumzi ikagoma. Hili nalisema mapema kwa sababu kwenye ukoo kunazunguka habari nyingine.

Ndani ya boti nahodha akaona ni wakati mzuri wa kutueleza kuhusu meli ya Sirio. Mwaka 1906 meli hiyo ya Kiitalia, imejaa wahamiaji waelekeao Amerika ya Kusini, ilipita karibu mno na pwani na kuupanda mwamba wa mbele kidogo, Bajo de Fuera. Walikufa mamia. "Nahodha wake alipona," akamalizia huku akizima injini, na kwa kweli sikujua anatutia moyo au anatuonya.

Tukajitupa.

Mita kumi za kwanza ni starehe. Wakapita mizia, kundi zima limetulia, kila mmoja anatazama upande ule ule. Shemeji akaniunganishia kidole gumba na cha shahada kuonyesha mambo shwari, na nyuma ya miwani niliona nyusi zake zimepanda. Bwawa lilikuwa limeanza kumjibu. Kisha tukaupita ule mstari wa baridi. Unauona kwa macho, maji yanatetemeka, halafu unakupata usoni, halafu maji yanatafuta njia ya kuingilia kwenye suti, na mimi nilikuwa nimeyaachia njia kadhaa.

Sasa msomaji anisikilize, maana hapa ndipo penye utetezi wangu. Kila unaposhuka, bahari inaibana ile suti. Ukifika mita 10, vile viputo vya gesi vimebaki nusu ya ukubwa wake. Ukikaribia mita 40 vimebaki moja ya tano. Suti inanywea. Kiuno changu, kilichopimwa juu kikiwa kimenenepeshwa na mpira, kilikuwa kikipungua mita baada ya mita bila mazoezi wala kufunga. Mkanda haukupungua.

Ningeligundua hilo kama ningekuwa na akili zangu. Lakini kuanzia mita 30 hivi, naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi huanza kulevya. Unalewa kweli, na mimi sijaonja kileo maishani, kwa hiyo sina uzoefu wa kujizuia. Kwenye mita 37 dunia ilikuwa imenyooka. Nilimulika ukuta, na yale matawi ya gorgonia, aina ya matumbawe laini, yaliyokuwa meusi-meusi yakageuka mekundu ya kung'aa, kwa sababu kina kile rangi nyekundu ya jua huwa imeshamezwa na maji, inasubiri tochi. Samaki wadogo wa rangi ya waridi walijaa kila mahali. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alitoa kichwa tunduni akifungua na kufunga mdomo, nikaona ananieleza jambo la busara, nikaitikia kwa kichwa. Nilimpenda kila mtu. Nilimpenda hata shemeji.

Na hapo akatokea chewa. Alikuwa mkubwa, marefu yake yanapita mita moja, kahawia mwenye mabaka meupe, na midomo ya mtu aliyeletewa kesi. Chewa wa Mediterania huanza maisha wakiwa majike, wakishakua sana ndipo wengine hugeuka madume, na wapo wanaoishi zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo kwa ukubwa ule nilihesabu kuwa ni mwanamume mtu mzima, na tena ananizidi umri. Alisimama mbele yangu, karibu kiasi cha kupeana mkono. Mtoto aliyelelewa vizuri hufanyaje? Nilimwamkia. "Shikamoo," nikasema ndani ya kipumulio, ikatoka mapovu. Na kwa kuwa shikamoo ya heshima huenda na kuinama kidogo, nikainama kidogo.

Mkanda ukashuka.

Kilo 12 zilinipita nyonga, zikanipita mapaja, zikakwama magotini. Kila mwanamume wa pwani ana jinamizi lake moja: kikoi kumfunguka mbele za watu. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Niliachia tochi, bahati ilikuwa na kamba, nikaudaka mkanda kwa mikono miwili na kubana magoti kwa nguvu zote, jicho kwa jicho na yule mzee. Sikuwaza kwamba risasi zikinitoka nitapaa juu na kuhatarisha maisha. Niliwaza kwamba nimevuliwa mbele ya mkubwa.

Magoti yakiwa yamefungwa huwezi kupiga miguu. Mzigo uko chini, kifua kinataka kwenda juu, kwa hiyo nikabaki nimesimama wima katikati ya maji, nimeinama nusu, nikizunguka polepole bila kutaka. Kila nikimaliza mzunguko namkuta chewa yuko pale pale, ananitazama. Wala hakuonyesha kushtuka. Nilimwomba radhi, yakatoka mapovu mengine.

Kiongozi alikuja kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mtu wa kimo kile. Akanilaza kifudifudi, akanyanyua mkanda hadi kiunoni, akaupitisha mgongoni na kuuvuta mpaka nailoni ikaisha. Hakuna aliyeniuliza maoni. Nikiwa nimelazwa vile niligeuza shingo kumtafuta shemeji anifariji. Alikuwa ameshika kamera. Mapovu yalikuwa yakimtoka mfululizo na mabega yanatikisika, na miwani yake imejaa maji nusu, kwa sababu ukicheka mashavu yanapanda na maji yanapata mlango.

Kiongozi akamwonyesha aangalie hewa yake. Kwenye kina kile kila pumzi inakula karibu mara tano ya pumzi ya juu, na yeye alikuwa amecheka tangu mkanda upo mapajani. Mshale wa kipimo cha mtungi wake ulikuwa umeingia chini ya bar 70. Ikaamriwa tupande sote. Kumbukumbu ziandikwe vizuri: aliyekatisha safari ni bingwa wa Daymaniyat, mimi hewa yangu ilikuwa bado.

Ulevi wa naitrojeni una adabu moja, ukipanda unakutoka. Mita 20 akili ilikuwa imerudi kamili, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya pale chini, pamoja na ile shikamoo. Lakini suti nayo ilikuwa inarudi. Viputo vilivyonywea vilianza kujaa, kiuno kikanenepa, na mkanda, uliokazwa na yule mama kwenye mita 37 kwa nguvu za hasira, haukusogea hata uzi. Kwenye mita 5 inabidi usimame dakika tatu mwili upumue ile naitrojeni. Nilizisimama zote nimekatwa vipande viwili. Chai ya asubuhi na mayai yenye viazi vilikuwa vinajadiliana vitokee wapi. Kiongozi alinionyesha bizimu la mkanda, kwamba nilegeze kidogo. Nilikataa kwa kidole. Kuugusa tena ule mkanda majini, thubutu.

Mchana tulikula bandarini. Kule wana wali wao uitwao caldero, unaopikwa kwenye chungu cha chuma kwa supu ya samaki na pilipili kavu waziitazo ñora, na pembeni kitunguu saumu kilichopondwa kwa mafuta. Kazi ya kukiponda naijua, ndiyo inayonilisha. Shemeji alikula sahani mbili, akasema haujafika kwa sababu hauna nazi, kisha akaegemeza kiti na kushika simu. Nilimwona anatabasamu peke yake.

"Shemeji," nikamwambia, "usitume."

"Natuma kwa dada tu."

Alituma kwenye kundi la ukoo. Pemba, Tanga, Dubai na Muscat, wakwe, mawifi, watoto wa shule. Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani, wengine wamecheka kwa vikatuni, wengine kwa sauti. Binamu mmoja akauliza ile ngoma inaitwaje. Mke wangu aliandika neno moja, "Baba?" na sikujua linahitaji jibu gani. Kisha kundi zima likanyamaza ghafla, kwa sababu mama mkwe alikuwa anarekodi. Mama mkwe hatumi ujumbe ovyo. Tuliweka simu katikati ya sahani, shemeji naye akakaa wima.

"Asalaam aleikum mkwe wangu. Nimekuona. Pole na kiuno." Akakohoa, tukasikia kuku wakilia nyuma yake. "Sasa hebu nambie, lile chewa lote lile lililosimama mbele yenu, mkawa wanaume wawili wazima na mwanamke wa Kizungu, mmeliacha huko huko?"