Usilipe Karo Kabla ya Kumjua Msimamizi

Kila msimu wa mahafali simu hujaa picha za majoho, na chini ya picha hazikosi nasaha za bure: jiandikishe uzamili upesi, akili ingali moto, mengine yatajipa. Yatajipa vipi? Karo ya muhula wa kwanza mara nyingi ni ya mchango. Shangazi katoa Malindi, mjomba katoa Mombasa, mzee kauza kiwanja Hindi ya Lamu. Miaka miwili baadaye kijana kafaulu yuniti zote za darasani, na tasnifu haina hata sura moja. Ukimuuliza, yuko kwenye pendekezo la utafiti. Mwaka wa tatu huu, yuko kwenye pendekezo.

Vijana siwalaumu. Nawalaumu wanaowashauri, maana wengi wao wanajua na wamenyamaza.

Uzamili wa Kenya kwa kawaida ni wa miaka miwili, na miaka hiyo haifanani hata kidogo. Wa kwanza una ratiba, una mwalimu, una mtihani. Hata mvivu husukumwa. Wa pili unabaki wewe na msimamizi. Akisoma sura na kuirudisha ndani ya wiki tatu, utamaliza. Asipojibu barua pepe, majengo ya chuo na jina lake kubwa hayatakufaa kitu. Na ukiiachia idara ikugawie msimamizi, itaangalia nani ana nafasi, si nani analijua jambo lako. Umekuja na tendi za Pate, unapewa bingwa wa mbinu za kufundishia sarufi. Naye afanye nini, maskini? Atakushawishi ubadilishe mada, na wewe utakubali kwa kuwa karo imeshalipwa.

Basi mtafute mtu kwanza, na wala si kazi ya kubahatisha. Vyuo vyetu vingi vimeweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni, bure. Fungua tano au sita za fani yako, za miaka ya karibuni, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa tamko, ule wenye sahihi. Pale pana majina ya wasimamizi, na pana namba ya usajili ya mwanafunzi, ambayo katika vyuo vingi huishia na mwaka aliojiandikisha. Toa mwaka huo kwenye mwaka wa kuwasilisha. Aliyeingia 2014 akatoka 2021 amekueleza jambo ambalo ofisi ya udahili haitakueleza kamwe. Akichelewa mmoja, huenda alikuwa na yake: uzazi, kazi, maradhi. Wakichelewa wanne chini ya msimamizi mmoja, tatizo si wanafunzi.

Ukishapata majina mawili matatu, andika karatasi ya kurasa mbili: swali lako, nani wameshaliandikia na wapi wameacha pengo, data utaitoa wapi na kwa njia gani. Hapa ndipo watu wetu wanapoharibu. Mtu anaandika "Athari za LAPSSET kwa jamii ya Lamu." Hilo si swali, hicho ni kichwa cha habari cha gazeti. Mradi huo wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa 2012, Mahakama Kuu ikaamuru 2018 wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, gati la kwanza likafunguliwa 2021. Katika yote hayo wewe unataka kujua nini? Lipunguze mpaka mtu mmoja aweze kulijibu kwa miezi sita: wavuvi waliosajiliwa na BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, ya Kizingitini, walioacha maeneo yao ya zamani wamehamia wapi, kwa vyombo gani, na mtaji kawapa nani? Swali hili lina watu wanaohesabika, lina mahali, na jibu lake linaweza kukuumbua, yaani kuonyesha ulidhani vibaya. Kama haliwezi kukuumbua, bado hujauliza kitu.

Barua pepe yenyewe isizidi maneno 200. Wewe ni nani, swali ni lipi, kazi gani yake uliyoisoma kweli na inagusana vipi na yako, na unaomba nini. Ambatisha zile kurasa mbili na wasifu wako. Usitume barua moja kwa maprofesa thelathini. Wanazitambua na wanazifuta. Asipojibu kwa wiki mbili mkumbushe mara moja tu, kisha nenda kwa mwengine. Akijibu vizuri, usipige vigelegele bado. Tafuta wanafunzi wake wawili uwaulize sura hurudi baada ya muda gani, na hurudi na maoni au na tiki.

Najua nitaambiwa fulani alilipa kwanza, hakumjua mtu, na leo ni daktari. Haya, yupo. Hata wanaovuka mlango wa bahari wa Mkanda usiku bila taa, wako wanaofika.

Kinachofuata kwa kuua tasnifu ni nyanjani, na sisi wa Lamu tunajidanganya kuwa kwetu ni kwetu, hakuna shida. Pendekezo hupita idarani, kisha kitivoni, kisha kamati ya maadili, ndipo uombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa mpangilio huo. Kamati nyingi za maadili hukaa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo fomu moja ikikosekana mwezi umekwenda. Ada ya leseni kwa mwanafunzi Mkenya ni shilingi 1,000 kwa uzamili na 2,000 kwa uzamivu, nayo hudumu mwaka mmoja. Usiichukue kabla hujawa tayari kuanza. Ukishaipata, bado una safari ya kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu. Kijana wa Mkomani anaona upuuzi: nijitambulishe mjini kwetu? Nenda. Kwa doria zilivyo Lamu, hutaki kuanza kukieleza kinasa sauti chako kwenye kizuizi cha barabarani.

Kisha ile fomu ya ridhaa. Mzee wa Siyu aliyeishi akisikia kesi za ardhi hatii sahihi kwenye karatasi ya mtoto wa watu, hata ukimwapia. Andika mapema, kwenye maombi ya maadili, kwamba ridhaa itatolewa kwa mdomo na kurekodiwa, na ueleze sababu. Ukigundua hilo ushafika Siyu, itabidi uisimamishe kazi ukaombe marekebisho.

Panga na msimu pia. Ukitaka kuwahoji wavuvi, kusi ni rafiki yako, maana wengi wako nchi kavu. Ukitaka kupima samaki wanaovuliwa, ngoja kaskazi. Mfungo sita mji wa Lamu umejaa wageni wa Maulidi, na hakuna mwenye nyumba atakayekupa saa mbili za kukaa kitako. Kisha hesabu kazi ya kuandika ulichorekodi: saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kuandika. Mahojiano 30 ya saa moja moja ni saa 120 hadi 180 kabla hujachambua neno, na kama ni Kibajuni unachotafsiri, zidisha. Haya wengi hawayaweki kwenye bajeti, halafu wanashangaa pesa na mwaka vimekwendaje.

Ufadhili, kwa ufupi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja huko, hutaka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na uzamivu hailipii; usipoteze usiku wako kuombea usichopewa. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, huangalia umemaliza shahada yako ya mwisho lini, na kwa kawaida miaka sita ndiyo mpaka. Marekani vyuo vingi huchukua watu wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, pamoja na posho, na maombi mengi hufungwa Desemba. Barua za mapendekezo ziombe wiki nne kabla, ukimpa mwalimu wako alama zako na ile karatasi ya kurasa mbili. Na jina! Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini, ni watu watatu mbele ya ofisi ya ufadhili. Linganisha cheti cha kuzaliwa, KCSE, shahada, kitambulisho na pasipoti leo, uende kwa wakili ukale kiapo kabla hujaulizwa. Waliosoma Madina au Khartoum, anzeni na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu muitambulishe shahada, ndipo muombe uzamili hapa.

Wanaotaka ualimu wa chuo kikuu wasidanganywe. Vigezo vya Tume hiyo vya 2014 viliufanya uzamivu kuwa ndiyo sifa ya mhadhiri, na vikataka makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki kabla ya kuhitimu uzamivu, moja kwa uzamili. Kwa haraka hiyo watu hukimbilia majarida yanayokubali makala kwa siku tatu na kudai dola. Jarida usilolijua litafute kwanza kwenye DOAJ au AJOL, orodha za majarida zilizoko mtandaoni. Kama halimo, na wao ndio waliokuandikia kukusifu, funga barua. Ukiwa na uzamili tu utapewa vipindi vya kulipwa kwa saa, na malipo ya vipindi hivyo huweza kuja baada ya mwaka, kama yatakuja. Vifundishe kwa ajili ya wasifu wako, si kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Na wewe uliyeshalipa, uliyekwama sasa hivi? Usikae kimya nyumbani ukiona haya. Muda wa usajili una kikomo nao unakwenda, na vyuo vingi huendelea kukudai ada ukiwa umelala. Andika kwa ofisi ya masomo ya uzamili kuomba moja kati ya mawili: kubadilishiwa msimamizi, ukiambatisha tarehe za sura ulizomtumia na majibu aliyotoa au hakutoa, ama kuahirisha kwa mwaka mmoja. Ipeleke barua kwa mkono, wagonge muhuri kwenye nakala yako, na nakala hiyo uiweke.