Medali kwa sajini, sarafu kwa mtoto wetu

Kwenye kabati langu la vyombo hapa Louisville, nyuma ya kopo la majani ya chai, kuna sarafu nzito ya shaba, kubwa kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Si pesa, hainunui hata mkate. Ni zile sarafu ambazo wakubwa wa jeshi la Marekani humtia askari mkononi wanapompa mkono, maana yake asante. Mtoto wa dada yangu alikuja nayo Krismasi iliyopita, akaiweka mezani kando ya sahani ya sombe, kisamvu chetu. "Mama mudogo, chukua. Miye sina kazi nayo."

Kijana huyu alifika hapa akiwa na miaka 11, tukitokea Bukavu, Kongo, kwa kupitia kambi ya wakimbizi ya Burundi. Leo ana 22 na ni askari. Vijana wa kikosi chake walikuwa na kundi lao la simu. Siku moja mtu akatupa humo picha ya askari mwenzao wa kike, picha ambayo binti wa watu alijipiga chumbani kwake na haikumhusu mtu mwingine. Basi wakaanza: huyu anacheka, huyu anatukana, huyu anauliza kama zipo nyingine. Mtoto wetu akaandika mstari mmoja tu: futeni hiyo picha, huyu tunalinda naye usiku. Wakamcheka, wakampa na jina: Padri. Usiku uleule akaenda kumgongea sajini wake mlango, simu mkononi.

Sajini alifanya kazi yake, siwezi kumnyima haki. Picha ilifutwa, wahusika wakaitwa, kikosi kizima kikakalishwa siku mbili kufundishwa adabu ya mtandaoni. Miezi mitatu baadaye kukawa na gwaride, na sajini akavalishwa medali iitwayo Army Achievement Medal, ya shaba yenye pembe nane, utepe wake wa kijani na bluu. Cheti kikasomwa kwa sauti: kwa kurekebisha mwenendo mbaya wa askari mtandaoni. Mtoto wetu akapewa sarafu. Yule binti hakupewa kitu, na siku hiyo hakuwepo, maana alishaomba kuhamishwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba medali hiyo ilianzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya wadogo hasa, askari wa vyeo vya chini na maofisa wachanga. Lakini medali haianguki kama embe. Lazima mtu ajaze fomu, aeleze ulichofanya, fomu ipande hadi kwa kamanda, naye atie sahihi. Kwa kawaida anayeandika ni aliye juu yako. Sajini alikuwa na luteni wa kumwandikia. Mtoto wetu angeandikiwa na nani? Na sajini huyohuyo. Sasa angeandika nini, kwamba mimi nilikuwa nimelala na kijana ndiye aliyeniamsha? Na msidhani ni pambo tu: medali ina alama za kupandia cheo. Sarafu haina.

Nilipolisimulia jambo hili kwa Wakongo wenzangu baada ya misa, mzee mmoja akanijibu kwamba askari halipwi kwa kufanya linalompasa, hivyo hata sajini asingepewa. Hapo ningekubali. Asipewe mtu! Lakini mkishachomoa pini na kumvalisha mmoja, ni lazima mhesabu nani alikuwa wa kwanza kusema. Wengine wakaniambia nishukuru, kwamba kule nyumbani kijana angekuwa kasho, yaani mahabusu.

Hapo sasa wamenigusa, kwa sababu ni kweli.

Mimi nimekulia karibu na Camp Saïo, kambi ya jeshi ya Bukavu. Watoto wa Bukavu wanalitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni mji wa Ethiopia, ambako Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, iliwashinda Waitalia mwezi wa Julai 1941. Waliotembea hadi kule walikuwa babu zetu, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuwa ofisa. Mpaka uhuru unafika mwaka 1960, jeshi lile halikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Kambi ikapewa jina la ushindi, vyeo vikabaki kwa Wabelgiji. Baba yangu alitumikia miaka yake yote akastaafu na kovu la mguu, basi.

Binamu yangu naye akaingia jeshini, akapangwa kwenye bariere, kizuizi kimoja cha barabara ya kuelekea Uvira. Kila asubuhi aliona wenzake wakiwatoza akina mama wa ndizi franka mia tano, aliyekosa anaacha mkungu. Siku moja akarekodi kwa siri, akamtumia mkubwa wake kwa WhatsApp, akidhani anasaidia. Baada ya siku mbili video ikawa kwenye simu za mji mzima, hata mimi huku ng'ambo niliipokea mara nne. Ikaanza uchunguzi, na swali likawa moja: simu ni ya nani? Aliyekula mia tano za watu hakuulizwa. Binamu akalala kasho wiki tatu, na simu yake haikurudi mpaka leo.

Wala si yeye peke yake. Mnakumbuka Februari 2017, video ya kijiji cha Mwanza Lomba kule Kasai, wanajeshi wakitembea huku wakifyatulia watu risasi kama wanawinda. Serikali ilianza kwa kusema ni picha za kuunganishwa. Mwezi uliofuata wanajeshi saba wakakamatwa, na Julai mahakama ya kijeshi ya Mbuji-Mayi ikatoa hukumu. Maana yake video ilikuwa ya kweli, na bila intaneti kesi isingekuwepo. Je, mmesikia mahali popote aliyeifikisha nje akishukuriwa? Labda ni heri hakujulikana.

Lakini wenzangu wa baada ya misa wanakosea wanapodhani huku wanaorekebisha hupendwa. Mwaka 2017 huohuo, Thomas Brennan, aliyekuwa askari wa majini kabla ya kuwa mwandishi wa habari, alifichua kundi la Facebook la watu wapatao 30,000, askari wa majini na waliostaafu, waliokuwa wakipeana picha za utupu za askari wa kike. Alichovuna ni vitisho vya kuuawa, yeye na familia yake. Kabla ya mwaka kwisha, kusambaza picha za namna hiyo likawa kosa rasmi katika sheria ya jeshi. Yaani alikuwa na haki, na walijua.

Na kuna Hugh Thompson, rubani wa helikopta. Machi 1968, Vietnam, kijiji cha My Lai, aliwaona askari wenzake wakiua wanawake na watoto. Akatua katikati yao na wanavijiji, akawaambia vijana wake wawili: hawa wakiwafyatulia raia, nanyi wafyatulieni. Jeshi likampa medali upesi, lakini kwa hadithi ya kutunga, eti aliokoa mtoto katikati ya mapigano. Aliitupa. Alipotoa ushahidi aliitwa msaliti, wakamtupia maiti za wanyama barazani kwake. Medali ya kweli ilikuja mwaka 1998. Walitaka kumpa kimyakimya, akakataa: iwe hadharani, na vijana wake wawili nao wapewe. Mmoja wao alikuwa amekufa wiki chache tu baada ya My Lai.

Kwa hiyo mimi sisemi Marekani wana haki na sisi hatuna. Kote kuwili anayemrekebisha mdogo wake anasifiwa, na anayemwamsha mkubwa wake anasumbuliwa. Tofauti ninayoiona ni karatasi. Huku, hata uongo waliomwandikia Thompson ulikaa kwenye faili, na kwa kuwa ulikaa, watu waliweza kurudi na kusema haya siyo yaliyotokea. Kesi ya binamu yangu haina karatasi hata moja. Aliingizwa kwa mdomo, akatolewa kwa mdomo, na kwa pesa kidogo niliyotuma mimi. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, hata ukitaka kuuliza hujui umgongee nani.

Ndiyo maana siku ile ya sombe nilimletea mtoto wetu daftari. Nikamwambia aandike kila kitu: tarehe, saa aliyomgongea sajini, maneno aliyoyatuma kwenye kundi, nani alikuwepo. Aweke nakala kwangu. Nikamsimulia na habari za Thompson.

Akacheka. "Mama mudogo, unataka ningoje miaka thelathini?"

Nikapiga hesabu kimoyomoyo: atakuwa na 52, nami sijui nitakuwa wapi. Nikamsogezea kalamu, nikamwambia ale kwanza, sombe inapoa.