Ufunguo wa nyumba iliyo chini ya lava

Jirani yangu wa Majengo, hapa Goma mashariki mwa Kongo, ana ufunguo usiofungua kitu. Zamani alikaa Birere, mtaa mwingine wa mji huu. Tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu, Nyiragongo, ilipotapika moto na lava ikakata mji katikati mpaka ziwani, alifunga mlango wake kwa kuzungusha ufunguo mara mbili, akavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na watoto mgongoni. Aliporudi, nyumba ilikuwa jiwe jeusi linalofuka moshi. Ufunguo ulibaki mkononi, na ndoto ikabaki kichwani: yuko mbele ya ule mlango, nyuma yake mbingu imekuwa nyekundu, ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Anaamka hapo hapo, kila mara hapo hapo. "Mwanangu, ile imerudi tena," hivyo ndivyo anavyonipokea asubuhi nyingine, hata kabla ya kusema "jambo".

Ushauri haujamkosa. Pasta wa chumba cha maombi alimwambia kwamba mlango ni baraka zake, na kuna mtu wa ukoo aliyezifunga, basi afunge siku tatu bila kula ili jina lijulikane. Shemeji yake Mwislamu alimwambia ateme mate kidogo kushoto mara tatu, aombe kinga ya Mungu, ageukie ubavu wa pili, na asimsimulie mtu. Binti yake anayesomea uuguzi alisema neno moja, kiwewe, akaendelea kupepeta mchele.

Nani kati yao ana haki? Wasomi wetu wana haraka ya kumcheka pasta, nami sioni sababu ya kuanzia huko. Kuuliza maana ya ndoto inayorudia si ujinga wa kijijini. Katika Mwanzo 41, Farao anaota mara mbili usiku mmoja, ng'ombe kisha masuke, na Yusufu anamweleza kwamba ndoto imerudiwa kwa sababu Mungu amelithibitisha jambo hilo na atalitimiza upesi. Mtu aliyelelewa na kisa hicho tangu shule ya Jumapili atalalaje kwa amani ndoto inapomrudia mara kumi? Lakini Biblia hiyo hiyo, katika Mhubiri 5:3, inasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Na katika mafundisho ya Mtume Muhammad ndoto ni za namna tatu: habari njema ya Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale mtu anayojizungumzia mwenyewe nafsini. Kwa hiyo dini zenyewe hazikusema kwamba kila ndoto ni barua. Sisi ndio tuliosahau hiyo namna ya tatu.

Halafu Goma ni mahali pagumu pa kubishana na manabii. Mlima ulilipuka mwaka 1977, ukarudia 2002, ukarudia tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Mtu anayeota moto kila mwezi katika mji huu hawezi kukosa milele! Wiki ile ya Mei 2021 kila kartie, yaani kila mtaa, ilikuwa na mama aliyeota kabla. Hakuna aliyehesabu usiku mwingi ambao moto ulikuja ndotoni na asubuhi mlima ukaamka kimya na wingu lake. Ila tuwe wa haki: jioni ile hata vyombo vya wataalamu wa volkano havikutoa onyo la maana, maana dalili zilionekana muda mfupi sana kabla lava haijatoka. Mji ukabaki na ndoto zake.

Sayansi nayo haikuja na jibu moja. Mwaka 1953, huko Chicago, watafiti Aserinsky na Kleitman waligundua kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho hucheza chini ya kope, na wanaoamshwa wakati huo mara nyingi wana ndoto ya kusimulia. Hiyo inatueleza lini, haituelezi kwa nini. Kabla yao Freud, tabibu wa nafsi wa Vienna, alikwisha kudai kwamba ndoto ni tamaa iliyojificha, akawa na ufasiri kwa kila kitu. Kilichomkwamisha kilikuwa ndoto kama ya jirani yangu. Askari wa vita vya kwanza vya dunia walikuwa wakirudishwa kila usiku mahali pa hofu yao, na mwaka 1920 alikubali kwa maandishi kwamba ndoto hizo hazikai katika nadharia ya tamaa. Nani atatamani bomu?

Mwaka 2000 mtafiti wa Finland, Antti Revonsuo, alileta wazo jingine: ndoto ni mazoezi, ubongo unarudia hatari ili siku ikija mwili uwe tayari. Ni wazo zuri, na kwa mji wenye volkano linavutia. Lakini linanikwama mlangoni pa jirani yangu. Miaka karibu ishirini alifanya zoezi lile lile na kila mara alishindwa. Hilo ni zoezi la nini? Naona ukweli uko karibu na lile neno la binti yake: kumbukumbu imekwama, kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kwenye mawe, inasukumwa na haiendi. Inazungumza juu ya mwaka 2002 kuliko juu ya kesho.

Kuna sababu nyingine ndogo ambazo watu huziruka. Baadhi ya dawa, kama mefloquine ya malaria na efavirenz iliyotumika miaka mingi kwa wenye virusi vya ukimwi, zinajulikana kuleta ndoto kali. Na mwenye kuota kila usiku anakabwa koo, kabla ya kutafuta mlozi atoe kwanza ile mbabula, jiko la makala, chumbani.

Kinachonishangaza ni kwamba pasta na daktari wanakaribiana pale ambapo hawajui. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya tiba waliyowapa wanawake waliobakwa waliokuwa wakiteswa na majinamizi: chagua ndoto, ibadilishe upendavyo, kisha irudie hiyo mpya akilini kila siku ukiwa macho. Majinamizi yalipungua. Sasa nenda ukasikilize maombi ya Ijumaa usiku. Mama anasimulia ndoto mbele ya wenzake, wanaifuata pamoja mpaka mwisho, wanaona malaika anafungua mlango, wanaimba juu ya mlango uliofunguka. Huo ni mwisho mpya unaorudiwa. Binti wa uuguzi hataki kusikia hayo, lakini namwona mama yake akitoka pale na mabega yameshuka.

Ninapoachana na pasta ni pale anapotafuta jina. Mara ndoto inapohitaji mkosaji, huwa ni bibi mjane wa nyumba ya pili, au mtoto wa kambo asiyelala vizuri. Nimesikia mtu akitoa ndoto kama ushahidi barazani: "Nilimuona akinilisha nyama usiku." Kwetu kula ndotoni ni kupokea ulozi, basi kesi imekwisha. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtuhumu mtoto ulozi, lakini sheria hailali katika nyumba ya mbao ambamo mtoto ameshaanza kuogopwa na ndugu zake. Kwa swali hili sipimi pande mbili: ndoto ya mtu ni yake, isimfukuze mwingine nyumbani.

Jirani yangu hakufunga zile siku tatu. Alisema ana soko. Tarehe 27 Mei 2021, amri ya kuhama ilipotolewa na Majengo ikiwa kwenye orodha, alikwenda Sake, mji mdogo wa jirani, akauacha mlango bila kufunga. Wiki kadhaa baadaye akakuta nyumba imesimama, imekosa sufuria mbili tu. Tangu hapo ndoto haijaisha, ila imebadilika. Ufunguo unazunguka, mlango wa Birere unafunguka, na ndani kuna watu asiowajua, wamekaa mezani, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inafuka, wanamwambia karibu mama.

"Na wewe unafanyaje?" nilimuuliza.

"Ninasimama mlangoni, mwanangu. Kula ndotoni, hapana."

Ule ufunguo ameutundika kwenye msumari, karibu na kalenda.